Cheti cha Babu

Msomaji mpenzi, je, wafikiri cheti cha zamani kilicholala sandukuni hakina kazi? Basi sikiliza habari za Waitalia.

Tangu miaka ya 1870 mamilioni yao walikimbia umaskini wakahamia Brazil, Argentina na Marekani. Sheria ya Italia ya 1912 ilisema mtoto wa baba Mwitalia ni Mwitalia, hata akizaliwa ng'ambo; ile ya 1992 ikamtaja na mama. Ndiyo sababu wajukuu na vitukuu wakaja kudai uraia.

Lakini maneno matupu hayakutosha. Kila kizazi kilidaiwa hati ya kuzaliwa na ya ndoa. Tena ilipasa kuonyesha kwamba babu hakuuacha uraia wake kabla mwanawe hajazaliwa. Jina likikosewa, kazi ilikwama.

Na babu aliyezaliwa kabla serikali haijaanza kuandika vizazi? Huyo alitafutwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia yake, maana Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuwa na vitabu hivyo.

Mwaka 2025 mlango ulibanwa. Sheria mpya, kwa kawaida, yataka mzazi, babu au bibi awe na uraia wa Italia peke yake. Vitukuu wengi waliochelewa wamebaki nje.

Nanyi wazazi, majina ya watoto wenu yameandikwa sawasawa? Vitazameni vyeti vyao leo, mviweke mbali na mchwa. Mjukuu asiyezaliwa bado aweza kuvihitaji.