Kabla hujaitwa Daktari wa mbu, uliza nani atalipia friza

Umemaliza digrii ya baiolojia, CV yako imezunguka Nairobi kuliko mathree ya Rongai, na kazi bado. Hapo ndipo mjomba fulani hukuambia kwenye harusi, sahani mkononi: "Si uongeze masomo tu, upate hata PhD?" Anasema kama mtu anayekushauri uongeze chumvi.

Kabla ya kumjibu, tuongee kidogo. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo sina shahada ya kukuringia. Lakini nina marafiki waliobaki kule ndani, wengine bado wako maabara huku wenzao wakipeleka watoto nasari, na nimewasikiliza sana. Hakuna hata mmoja aliyelia kuhusu ugumu wa masomo. Wote wanalia kuhusu doo na muda.

Kwa Kiswahili PhD ni shahada ya uzamifu, na kweli mtu huzama. Kwenye vyuo vyetu kwa kawaida lazima kwanza uwe na uzamili, ile tunaita masta. Kisha unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya idara, unapewa wasimamizi, unafanya utafiti, unaandika tasnifu, inasomwa na watahini wakiwemo wa kutoka nje ya chuo, halafu unasimama mbele yao kuitetea. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, zinataka ichukue miaka 3 au zaidi. Ukikutana na wasee wa baiolojia, hiyo "au zaidi" ndiyo inayowahusu.

Chukua mfano wa mbu. Sema unataka kujua kwa nini mbu wa malaria katika kijiji fulani cha Pwani hawafi tena kwa dawa iliyokuwa ikiwaua. Utawashika ndani ya nyumba za watu, kwa hivyo kamati ya maadili lazima kwanza ipitishe jinsi utakavyoomba ruhusa ya wenye nyumba. Ukishapita hapo unaomba leseni ya NACOSTI, ambayo sheria ya 2013 inakutaka uwe nayo. Kisha ujitambulishe kwa wakubwa wa kaunti, kwa chifu, hadi kwa mzee wa mtaa. Ukitaka vinasaba vya mbu hao visomwe nje ya nchi, NEMA nayo ina kibali chake.

Sasa fikiria leseni imetoka Juni. Mvua ya masika hunyesha Machi hadi Mei, na vidimbwi vyake ndivyo mbu wako huzaliana. Umekosa. Ngoja vuli, Oktoba hadi Desemba, na vuli ikikauka ngoja mwaka ujao. Karo haingoji. Msee wa uchumi anaweza kupakua takwimu usiku akiwa kitandani na asubuhi akaendelea na kazi. Mbu hapakuliwi, bana.

Tuseme umewapata. Ukiamua kuwafuga, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki mbili, na viluwiluwi hawajui sikukuu. Krismasi uko maabara unawalisha. Kemikali nyingi za kusoma DNA hutoka ng'ambo, bei yake ni ya dola, na nyingine lazima zisafiri zikiwa baridi. Sampuli zako zinakaa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Stima ikipotea wikendi na jenereta ya idara haina dizeli, kazi ya mwaka mzima inayeyuka ikiwa bado imepangwa vizuri kwenye vichupa vyenye majina. Nani atalipia kurudia? Wengi huanza bila kuuliza hilo, kwa sababu barua ya kukubaliwa chuoni hutaja karo na kunyamazia kemikali.

Halafu kuna kuchapisha. Kanuni za CUE za 2014 zilitaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha angalau makala 2 kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Jarida la maana linaweza kukaa na makala yako miezi kadhaa, kisha likujibu kwa barua ya mistari miwili kwamba halitaki. Ukiwa na haraka ya gauni, utaletewa barua pepe tamu ya jarida usilolijua linaloahidi kukuchapisha wiki hii ukituma dola. Usitume. Hata majarida halali yanayosomwa bure mtandaoni hutoza mamia, wakati mwingine maelfu ya dola, lakini mengi hupunguza au husamehe waandishi wa nchi kama zetu. Sharti uombe, tena kabla ya kutuma makala.

Na sasa sehemu ambayo wengi hawaambiwi. Marekani unaweza kuingia PhD ya baiolojia moja kwa moja na digrii yako ya kwanza. Mwaka wa kwanza unasoma darasani huku ukizunguka maabara mbili au tatu ukichagua msimamizi. Baadaye unafanya mtihani mkali wa kuthibitisha kama unafaa kuendelea. Inachukua kama miaka 5 au 6, ndefu kuliko Uingereza ambako ni 3 au 4, lakini programu nyingi za baiolojia hukulipia karo na kukupa posho ya kuishi. Si utajiri, posho nyingi huishia kwa kodi ya nyumba, na viza ni vita vyake. Ila unalipwa kama mfanyakazi, na maabara kwa kawaida ina bajeti kabla yako.

Kulipwa si jambo la wazungu pekee. Wangari Maathai, ambaye wengi tunamjua kwa miti, alipata PhD yake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, kwenye anatomia ya mifugo, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Alikuwa mhadhiri msaidizi chuoni humo humo.

Hapa nyumbani pia kuna milango, ingawa ni myembamba. Pale Kasarani kuna icipe, kituo cha wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Makao yake yanaitwa Duduville, na si mzaha. Tangu 1983 kina mpango wa ARPPIS, ambapo unasajiliwa chuo kikuu lakini utafiti unaufanya kwao. Kilifi kuna KEMRI-Wellcome. Juja, ndani ya JKUAT, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika, PAUSTI, inayofadhili watu kutoka bara zima. Nafasi ni chache kuliko wanaozitaka. Bado ningependa utume maombi miaka miwili mfululizo kuliko uanze kwa mkopo wa sacco ya mama.

Ukishampata msimamizi, muulize ana ruzuku gani na inaisha lini. Muulize pia ana wanafunzi wangapi, maana CUE iliweka kikomo cha wanafunzi 3 wa uzamifu kwa kila msimamizi, na JKUAT ilipotoa PhD 118 kwa mahafali moja Juni 2019, tume hiyo ilianzisha uchunguzi. Akikasirika kwa kuulizwa, afadhali umjue leo.

Kisha watafute wanafunzi wake mbali na ofisi yake, kwa foleni ya chapati pale kantini. Waulize wako hapo tangu lini, na kemikali walizotumia mwezi jana zilinunuliwa kwa pesa za nani. Mmoja wao atakuambia ukweli, hasa ukilipia chai.