Risasi ya gobore inampiga kwanza anayeiyeyusha

Leo naomba tuongee kitu ambacho huku vijijini kila mtu anakijua ila hakuna anayekisema kwa sauti, manake kina harufu ya polisi. Nazungumzia risasi za gobore, zile za duara, ambazo wazee wanazimimina wenyewe nyumbani. Mimi ni mtoto wa Litumbandyosi, Mbinga. Chuo sijafika, niliishia sekondari, lakini kemia niliyoipata pale inatosha kunionyesha kwamba kuna jambo tunalichukulia poa wakati si la kuchukulia poa hata kidogo.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa darasa la tano hivi. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja ambaye sisi watoto wote tulimwita babu. Msimu wa mahindi kukomaa nguruwe pori walikuwa wanaingia shambani kwake usiku, asubuhi anakuta nusu eka imelala chini. Basi jioni moja akawasha moto nyuma ya jiko, akatega kisufuria kwenye mafiga, ndani akatupia vipande vya risasi alivyotoa kwenye betri kuukuu ya gari. Sisi tumechuchumaa pembeni tunashangaa jinsi chuma kinavyogeuka uji unaong'aa kama kioo. Mara yakaanza manyunyu. Tone moja likaingia. PAA! Ule uji ukaruka kila upande. Babu aliungua mkono, na tone jingine likamganda shavuni, chini kidogo ya jicho. Mpaka anafariki alikuwa na lile kovu.

Wote tulisema ana bahati, jicho limepona. Miaka imepita, nimesoma kidogo, sasa najua kwamba lile kovu ndiyo lilikuwa hasara ndogo kuliko zote siku ile. Kile kisufuria kilirudi jikoni. Majivu ya pale kwenye mafiga tuliyachezea kesho yake.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwa Kiswahili "risasi" ni vitu viwili: ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na ni jina la madini yenyewe, yale ambayo mwalimu wa kemia anayaandika Pb. Neno tumelipata kwa Waarabu. Na haikuwa bahati mbaya vitu viwili kuitwa jina moja, kwa sababu kwa mamia ya miaka risasi nyingi za bunduki zilikuwa za madini hayo.

Kwa nini hayo na siyo chuma? Sababu ni tatu. Moja, ni mazito: ujazo ule ule wa maji, risasi ina uzito mara 11 na zaidi, kwa hiyo kipande kidogo kinakwenda na nguvu. Mbili, ni laini, hayachubui ndani ya mtutu. Tatu, na hii ndiyo kubwa, yanayeyuka kwa nyuzi 327 tu za sentigredi. Chuma kinataka kama nyuzi 1,538, hapo lazima uwe na tanuru. Risasi inataka kuni na mafiga. Ndiyo maana mtu yeyote mwenye kalibu, yaani kifaa chenye tundu la kumiminia, aliweza kuwa kiwanda cha risasi nyuma ya nyumba yake.

Na kwa nini ya duara? Gobore linashindiliwa kwa mbele: baruti, kisha risasi na kitambaa au majani ya kuibana. Mtutu wake ndani ni laini kama bomba, hauna ile mikato ya kuizungusha risasi kama bunduki za kisasa. Risasi ndefu ikitoka humo inapinduka pinduka hewani. Ya duara hata ikibiringika ni ile ile, haina mbele wala nyuma. Hapa kuna kitu wengi hawakijui: ile shotigani tunayoiita "namba 12" ilipata jina lake kutokana na vidonge hivi vya duara. Ukichukua ratili moja ya risasi, gramu kama 454, ukaigawa vidonge 12 vilivyo sawa, kidonge kimoja kina upana wa milimita 18.5, na huo ndiyo upana wa mtutu wa namba 12. Namba 20 ni vidonge 20. Ndiyo maana namba ikipanda tundu linakuwa dogo.

Magobore hayakuja kwetu jana. Yaliingia kwa wingi karne ya 19 kwa njia za biashara za pwani. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kule Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini magobore ya zamani yakaachiwa mwanya. Matokeo yake tuliyaona sisi wa Ruvuma. Vita vya Majimaji vilipowaka mwaka 1905, babu zetu walikwenda na mikuki, mishale na magobore, mwenzao Mjerumani ana bunduki za rashasha. Waliambiwa dawa itageuza risasi kuwa maji. Haikuwa hivyo, na kila tarehe 27 Februari pale Songea tunawakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906.

Sasa turudi kwenye kisufuria cha babu, manake pale maji na risasi vilikutana kweli. Tone la maji likizama kwenye kitu chenye joto la nyuzi zaidi ya 327 halichemki polepole. Linakuwa mvuke mara moja, na maji yakiwa mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke hauna pa kutokea ila kwa kurusha kila kilichopo juu yake. Wala huhitaji mvua. Kipande chenye unyevu, kijiko chenye maji, kalibu ya udongo ambayo haijakauka, hata jasho la kwenye paji la uso wako, vyote vinatosha.

Lakini hilo unaliona na unaruka. Linalonitisha ni lile usiloliona. Moto wa kuni hauna kipimo. Ukipuliza sana madini yanapanda joto kupita kiasi, yanaanza kutoa mvuke wa sumu unaoingia mapafuni. Juu yake linaganda tando la kijivu, watu wanalikwangua na kulitupa chini. Lile tando ni risasi iliyoungana na hewa, likikauka linakuwa unga. Unga ule unakaa kwenye udongo, kwenye nguo, kwenye kucha. Kuku wanadonoa pale, mtoto anatambaa pale, mkono unakwenda mdomoni. Na betri ndiyo mbaya kuliko vyote: mbali na tindikali, ndani yake risasi huchanganywa na vitu vingine kama antimoni na aseniki, navyo ni sumu.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anafyonza mara nne mpaka tano kuliko mtu mzima kutoka chanzo kile kile. Inaharibu ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito darasani, hatulii, ana hasira, na watu wanasema mtundu au mjinga. Mtu mzima anaumwa tumbo, anakosa choo, kichwa, damu inapungua, presha inapanda. Inakwenda kujificha kwenye mifupa miaka na miaka, na mama akipata mimba inatoka kwenye mifupa inamfuata mtoto tumboni. Ikizidi sana ni degedege na kifo. Huku kwetu mtoto akishikwa na degedege, nani atafikiria kisufuria cha risasi? Tutasema malaria, au tutasema kalogwa.

Kama unadhani nakuza mambo, angalia wenzetu. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watu walikuwa wanapepeta udongo wenye risasi za betri. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 watu walisaga mawe ya dhahabu majumbani bila kujua yana risasi, watoto zaidi ya 400 wakafa. Jirani kabisa, Owino Uhuru pale Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mwanawe alikutwa na risasi kwenye damu. Alipigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Najua kisufuria kimoja si kiwanda. Lakini udongo wa nyuma ya jiko ni mdogo, na watoto wanaochezea pale ni wale wale kila siku.

Halafu kuna nyama. Risasi laini ikigonga mfupa inameguka vipande vidogo ambavyo jicho halivioni, vinabaki kwenye mchuzi. Tukikaa kula kitoweo, wote tumepigwa.

Kuna mtu atasema "kunywa maziwa, yanakata sumu". Hapana jamani. Mtoto anayekula vizuri, mwenye madini ya kalsiamu na chuma ya kutosha mwilini, anafyonza risasi kidogo zaidi, hiyo ni kweli. Lakini maziwa hayaitoi ikishaingia.

Kuhusu sheria sitazunguka. Gobore ni silaha kama silaha nyingine. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na kutengeneza silaha au risasi bila kibali ni kosa. Ukiingia nalo porini kuwinda bila kibali unakutana na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na sisi tunaoishi jirani na pori la akiba tunajua maaskari wake hawana utani. Tena haya magobore ya mabomba ya maji yenyewe ni bahati nasibu: risasi isipokaa vizuri juu ya baruti, ikaacha nafasi, mtutu unapasukia usoni kwa aliyeushika.

Simlaumu babu. Alikuwa na njaa ya watoto wake upande mmoja na nguruwe upande mwingine, na hakuna aliyemwambia. Ila wewe unayesoma hapa umeambiwa. Kama nyumbani kwenu kazi hii iliwahi kufanyika, chombo kile kisirudi jikoni hata kikisuguliwa vipi. Pale mahali pasifagiliwe pakavu, paloweshwe kwanza, na watoto wasicheze hapo. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Kama kuna anayeumwa tumbo bila sababu au mtoto anayerudi nyuma kiakili, mpeleke hospitali na umweleze daktari waziwazi kwamba risasi iliyeyushwa nyumbani, manake usiposema hatapima. Na nguruwe wakizidi shambani, watu wa kuwaambia ni serikali ya kijiji na afisa wanyamapori wa halmashauri. Wanachelewa, najua. Hata mimi nimeshawasubiri.

Siku hizi nikipita pale kwa babu naona wajukuu wake wanacheza mdako palepale penye mafiga. Nimemwambia mama yao. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa, halafu akawaita watoto ndani.

Nawasilisha. Mwenye swali au aliyeona zaidi yangu aseme.