Msanii Katika Shamba la Mizabibu: Nani Anapata Nini?

Miongoni mwa vyama wanachama vimo vyama vya wachongaji, wafinyanzi na wachoraji. Huenda siku moja chama kama hicho kikapokea barua kutoka ng'ambo, ikimwalika msanii akakae katika shamba la mizabibu kwa mwezi mmoja au miwili, afanye kazi yake huko, na kazi hiyo ionyeshwe wakati wa maonyesho makubwa ya sanaa. Yafaa makatibu wafahamu mpango huo ni wa namna gani kabla ya kutia sahihi.

Maonyesho ya sanaa ya namna hii ni soko. Wenye nyumba za sanaa hukodi vibanda, hutundika kazi za wasanii wao, na wanunuzi huja kwa siku chache tu. Art Cologne ya Ujerumani ilianza mwaka 1967, na Art Basel ya Uswisi mwaka 1970. Katika Afrika ya Kusini, mji wa Cape Town umekuwa na maonyesho yake tangu mwaka 2013, nayo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Februari.

Februari ni wakati wa mavuno ya zabibu katika sehemu hizo, na Stellenbosch, penye mashamba mengi, ni mwendo wa kiasi cha kilomita 50 kutoka Cape Town. Mnunuzi aliyekuja kutazama picha aweza kufika shambani siku hiyo hiyo, akaonja mvinyo na kuununua. Mwenye shamba ana nyumba za wageni na maghala mapana; msanii anahitaji nafasi na utulivu. Hivyo kila upande una kitu ambacho mwenziwe anakihitaji.

Masharti hutofautiana. Katika shamba la Castello di Ama, nchini Italia, wasanii wamealikwa tangu mwaka 2000, wa kwanza akiwa Michelangelo Pistoletto. Kila mmoja hutengeneza kazi iliyokusudiwa mahali pale, nayo hubaki pale. Château Mouton Rothschild ya Ufaransa haimwalik msanii kukaa, bali tangu mwaka 1945 humwomba picha ya kubandikwa kwenye chupa za mwaka ule, na malipo yake yamekuwa makasha ya mvinyo wala si fedha. Waliochora ni pamoja na Salvador Dalí, Joan Miró na Marc Chagall.

Msanii mwenye jina kubwa hadhuriki kwa malipo ya namna hiyo. Msanii anayetegemea kazi yake kwa chakula na karo ya watoto hana budi kupiga hesabu. Tuseme amefanya picha nne za bei moja. Shamba linachukua moja kuwa shukrani ya malazi. Tatu zinauzwa katika maonyesho, na mwenye nyumba ya sanaa anachukua nusu ya bei, kama ilivyo desturi mahali pengi. Msanii amebakiwa na thamani ya picha moja na nusu, na humo hajatoa gharama ya rangi, nauli, wala siku alizokosekana nyumbani.

Kwa hiyo mkataba ujibu maswali haya kwa maandishi:

1. Nani analipa nauli, chakula, vifaa na matibabu, na je, kuna posho ya fedha taslimu?
2. Ni kazi ngapi zitabaki shambani, na nani atazichagua?
3. Kazi zisizouzwa zitarudishwa kwa gharama ya nani, na katika muda gani?
4. Je, shamba linaruhusiwa kuchapa picha hizo kwenye chupa na matangazo?

Swali la nne ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Kumiliki picha si kumiliki haki ya kuinakili, kama vile anayenunua kitabu asivyopata ruhusa ya kukichapa. Ikiwa shamba linataka kuitumia picha kwenye chupa, ruhusa hiyo iandikwe peke yake, iwekewe muda, na ilipiwe peke yake.

Mkataba ukija kwa lugha ya kigeni, katibu autafsiri na kuusoma mbele ya kamati, msanii mwenyewe akiwapo. Nakala moja ihifadhiwe katika jalada la chama, ya pili asafiri nayo msanii.