Ngama Haitibiwi kwa Udi

Mteja wa Kimara Mwisho, Dar es Salaam, huinama juu ya sinia la samaki, hunusa, kisha hutoa hukumu: huyu kalala. Mchuuzi huapa kwamba kamchukua soko la Feri alfajiri ya leo, akapanda naye mwendokasi kutoka Kivukoni. Ubishi huo unarudiwa Korogwe, Baruti na Bucha kila jioni, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Samaki ni wa leo, ila alisafiri usiku kucha ndani ya chombo cha uvuvi kinachonuka, na harufu ya chombo ndiyo iliyopanda naye hadi vilima vya Barabara ya Morogoro.

Ukitaka kujua harufu hiyo inatoka wapi, usiangalie sitaha. Mabaharia huimwagia maji kila asubuhi na kuisugua kwa ufagio, na ikitazamwa kutoka ufukweni inang'aa. Tatizo liko chini ya mbao za kukanyagia, katikati ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwenye ngama. Huko hukusanyika kila kinachovuja na kila kinachodondoka: maji ya bahari yaliyopenya kwenye maungio, barafu iliyoyeyuka, damu, ute, magamba, vipande vya chambo, na tone la dizeli juu yake. Vyote hivyo hutiririkia banduru, sehemu ya chini kabisa ambako baharia hufua maji kwa upo, au siku hizi kwa dumu la plastiki lililokatwa. Lakini upo haufiki kwenye kona. Yanabaki maji kidogo, meusi, yasiyopata hewa, na hayo machache ndiyo yanayonuka kuliko yale mengi yaliyofuliwa.

Maji ya bahari yana salfeti nyingi, karibu gramu 2.7 kwa kila lita. Hewa ikiisha ndani ya maji yaliyotuama, wapo bakteria wanaoishi kwa salfeti hiyo badala ya oksijeni. Wanakula uchafu na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Maji ya ziwa yana salfeti kidogo sana, ndiyo maana mtumbwi wa Ziwa Victoria ulioachwa na maji machafu ndani hunuka matope na dagaa, lakini haunuki kama mashua ya Msasani iliyoachwa hivyo hivyo. Wakazi wa Kimara wanaijua gesi hii bila kwenda baharini: ndiyo inayowapiga puani siku gari la majitaka linapofungua mfuniko wa chemba.

Tofauti ya bahari na ziwa ipo hata kwenye samaki wenyewe. Samaki wengi wa bahari huhifadhi mwilini kemikali inayowasaidia kuhimili chumvi, na wakifa bakteria huigeuza kuwa amini, kitu cha jamii ya amonia, ambacho ndicho shombo tunayoijua. Samaki wengi wa maji baridi hawana kemikali hiyo kwa wingi, kwa hiyo hata wakiharibika hawanuki vile. Papa na taa wamezidi: nyama yao imejaa yurea, na ikianza kuoza hutoa amonia tupu, ya kuwasha macho. Chombo kilichobeba papa safari moja tu kinaweza kuwatangazia majirani jambo hilo kwa wiki nzima.

Hapa ndipo wengi wanapokosea dawa. Mama wa Kimara anajua kwamba ndimu huua shombo, na kemia iko upande wake, maana asidi huikamata ile amini na kuifanya isiruke hewani. Ndimu, siki au maji ya ukwaju yanafaa kwenye mikono, kwenye ubao wa kukatia na kwenye kuta za chumba cha samaki. Ukiimwaga ndimu hiyo hiyo kwenye ngama yenye yai viza, unaisukuma gesi itoke majini kwa nguvu zaidi na chombo kinanuka mara mbili. Chokaa hufanya kinyume: huizuia gesi ya yai viza isitoke, lakini ikikutana na mabaki ya papa huiachia amonia. Kwa hiyo kabla ya kumwaga chochote lazima ujue unanusa nini. Na dawa ya kufulia yenye klorini, ambayo watu huimimina kama maji ya kunywa, isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala uchafu wa amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na ndani ya chumba kidogo cha mashua hakuna pa kukimbilia.

Wapo wanaofukiza udi na ubani. Sina ugomvi na udi, lakini udi ni wa bibi harusi. Ngama iliyofukizwa udi inanuka ngama na udi.

Vyombo vya pwani yetu havikuwahi kunukia, tusijidanganye kwa picha za matanga. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, zisipasuke kwa jua. Chini zilipakwa deheni, chokaa iliyokandwa kwa shahamu, kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji msimu wa 1938 hadi 1939, alikuta sitaha iliyosongamana abiria na choo kilichoning'inizwa nje ya ubavu wa chombo. Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na papa mkavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Miezi kadhaa na papa mkavu chini ya kitanda! Lakini nahodha aliijua tofauti kati ya harufu ya mafuta yaliyopakwa kwa makusudi na harufu ya maji yaliyolala.

Na maji hayo yalimpa habari. Chombo ambacho ngama yake haina harufu kabisa si lazima kiwe safi. Huenda kinavuja sana, maji mapya yanaingia na kufuliwa kila saa, hayapati muda wa kuoza. Ngama inayonuka ina maana mbao zimebana. Mabaharia wa Ulaya wa zamani nao walilijua jambo hili. Kwa hiyo baharia mzoefu anayeshuka ndani na kukuta harufu ya jana imetoweka ghafla haanzi kwa kushukuru, anaanza kutafuta ufa.

Kuna kutoweka kwingine kwa harufu, kubaya zaidi. Pua ya binadamu huitambua haidrojeni salfaidi hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa. Ikifika karibu sehemu 100, pua hufa ganzi na mtu hudhani hewa imetakata. Ikipita sehemu 500, inaweza kuua kwa muda mfupi. Chumba cha samaki kilichofungwa siku kadhaa kikiwa na mabaki ndani kisiingiwe na mtu mmoja peke yake. Kifunguliwe, kiachwe kipigwe upepo, na anayeshuka awe na mwenzake juu mwenye kamba. Petroli iliyovuja nayo ina hila yake, kwa sababu mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hukaa chini kwenye ngama, na unangoja kiberiti cha mvuta sigara.

Dawa yenyewe inachosha kuisimulia. Ng'oa mbao za kukanyagia. Fua maji yote, kisha mwaga maji mapya ya bahari, sugua kwa brashi ngumu na sabuni kati ya taruma na taruma, fua tena. Zibua vitundu vya chini ya mataruma ambavyo maji hupitia kwenda banduru. Hivi vikiziba magamba, kila taruma linakuwa na dimbwi lake. Halafu kausha. Kapteni James Cook, katika safari yake ya 1772 hadi 1775, aliwasha moto ndani ya meli kati ya sitaha ili kukausha unyevu na kusukuma hewa iliyooza, na afya ya mabaharia wake ilimpa medali ya Copley mwaka 1776. Sisi tuna jua, bure. Boti za faiba zina mtego wao: sponji iliyojazwa chini ya sakafu ikinyonya maji haikauki kwa jua wala kwa dua, inabidi sakafu ikatwe.

Wakati wa kazi hiyo umepangwa vizuri na mwezi wenyewe. Mwezi mpevu huleta bamvua, maji ya Dar es Salaam hupwa takribani mita tatu na chombo hulala mchangani ubavu wazi. Na ni usiku huohuo wa mbalamwezi ambapo boti zinazovua kwa kuwasha taa hupumzika, kwa kuwa vibua na dagaa hawaifuati taa wakati anga lote linang'aa. Chombo kiko nchi kavu, watu wapo, jua lipo.

Mbona basi vyombo vinanuka? Nionavyo mimi, ni kwa sababu ya mgao. Baharia halipwi mshahara; hulipwa sehemu ya mavuno baada ya gharama za mafuta na barafu kutolewa. Siku ya kung'oa mbao haina samaki, kwa hiyo haina mgao. Tajiri mwenye chombo hayupo ufukweni, nahodha anawaza nyavu, na kijana aliyebaki na dumu lake atafua hadi pale upo unapofika, kisha atatafuta kibarua cha kubeba ndoo Feri ili apate hela ya kula. Barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, kama inavyoshauriwa katika nchi za joto, tajiri ataipigia hesabu na kuinunua. Posho ya watu wawili na sabuni kwa siku moja ya bamvua haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, ingawa ni ndogo kuliko anachopoteza ndoo moja ya vibua ikishushwa bei kwa sababu mnunuzi kakunja pua.