Karatu, simama uchume

Magari ya watalii hupita Karatu mbio. Asubuhi yanapanda kwenda kreta ya Ngorongoro kupitia lango la Loduare, jioni yanashuka, na wasafiri wanazungumzia simba na faru. Mji wenyewe unabaki kuwa mahali pa kujaza mafuta. Ni hasara, kwa sababu kwenye miteremko ya nje ya kreta hiyo hiyo kuna mashamba ambayo mgeni hukaribishwa kuingia na kuchuma kwa mkono wake.

Linalojulikana zaidi ni Gibb's Farm. Walowezi wa Kijerumani walilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya kahawa. Mwaka 1948 likaingia mikononi mwa Mwingereza James Gibb, na mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret wakaanza kupokea wageni. Siku hizi mgeni anaweza kufuatana na watunza bustani asubuhi, akavuna mboga ambazo mchana atazikuta mezani.

Hata hivyo, namshauri msomaji aanze na kahawa. Wengi wetu tunaijua ikiwa unga mweusi, au kikombe kidogo cha barazani na kashata pembeni. Tunda lake hatulijui, kwani karibu kahawa yote ya Tanzania huuzwa nje.

Nenda kati ya Julai na Desemba. Kwenye tawi moja la mbuni utakuta matunda ya kijani, ya manjano na mekundu yamebanana. Chuma jekundu tu: lishike kwa ncha za vidole, lizungushe kidogo, litaachia lenyewe. Lipasue kwa meno. Ganda ni jembamba na lina utamu. Ndani mna ute unaoteleza na punje mbili zilizokumbatiana tumbo kwa tumbo. Yale mabichi yasubiri, maana yakichanganywa na mabivu ladha yote huharibika. Ndiyo sababu wavunaji huurudia mti ule ule mara kadhaa kwa msimu. Wao hulipwa kwa debe. Jaribu kujaza debe moja uone jua linavyosogea. Ukitoka hapo hutalalamikia tena bei ya kahawa nzuri.

Inua macho, utauona msitu wa Ngorongoro. Huo ndio mama wa kilimo chote cha Karatu: hukamata ukungu na mvua, na maji yake hupenya ardhini mpaka kwenye chemchemi zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola, chini karibu na Ziwa Eyasi. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kimepigwa marufuku. Nje ya mpaka mibuni inaanza papo hapo. Tembo huchimba udongo wenye madini kwenye mapango ya msituni, na usiku wengine huvuka hadi mashambani. Mkulima anayekesha akilinda mahindi yake anaulipia msitu huo gharama ambayo mtalii haioni.

Kwa hiyo fedha ya mgeni inapaswa kumfikia na mkulima huyo. Wakulima wadogo wa Rhotia na Oldeani wenye kahawa au miti ya matunda, fungueni mashamba yenu: wekeni mizani getini, tajeni bei ya kilo, teueni kijana mmoja wa kuongoza wageni. Nanyi Watanzania mnaokwenda kreta, tengeni nusu siku kwa ajili ya Karatu. Vaeni viatu vya kufunika miguu, ulizeni kabla ya kuchuma, na mlipe bila kuwabana wakulima.