Bima ya afya katika Mkoa wa Kilimanjaro

Bima ya afya katika Mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania, hupatikana kwa njia kuu mbili: kupitia mwajiri, au kwa mtu kujiunga mwenyewe. Njia hizo hutofautiana kwa mchango, kwa idadi ya wanufaika na kwa hospitali zinazopokea kadi. Wakazi wengi wa Moshi na wa vijiji vya mlimani, kama vile wakulima wa kahawa na ndizi, wafanyabiashara wa sokoni na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, hawana mshahara wa kila mwezi, hivyo njia ya kwanza huwapita.

Bima kupitia mwajiri

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara: kwa mtumishi wa umma nusu hukatwa kwenye mshahara wake na nusu hulipwa na mwajiri. Wanufaika ni mwanachama, mwenza wake na wategemezi hadi wanne, ambao wanaweza kuwa watoto au wazazi. Kampuni binafsi huweza pia kuwakatia wafanyakazi wake bima ya kundi.

Kwa kuwa kundi zima huingia kwa pamoja, wazima huchangia matibabu ya wagonjwa. Udhaifu wake ni kwamba bima hiyo hufuata ajira: mkataba ukiisha na michango ikakoma, familia nzima hubaki bila kinga.

Bima ya kujiunga mwenyewe

Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Katika mfumo ulioboreshwa wa mwaka 2018, kaya ya hadi watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi.

Mwaka 2019 NHIF ilianzisha vifurushi vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Bei ilitegemea umri na ukubwa wa familia. Ya chini ilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja mwenye miaka 18 hadi 35.

Tatizo la bima ya hiari ni kwamba wengi hujiunga wakiwa tayari wanaumwa, na mfuko hulipa kuliko unavyokusanya. Toto Afya Kadi, iliyogharimu shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ni mfano wake. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmojammoja kwa sababu hiyo, na wazazi wakaelekezwa kwenye vifurushi vya familia au usajili kupitia shule.

Ngazi za rufaa

Mgonjwa wa kijijini huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, halafu Mawenzi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu yake ipo KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Huduma za CHF iliyoboreshwa ziliishia ngazi ya mkoa. Mawenzi na KCMC zote ziko Moshi, lakini mwanachama wa CHF aliyevuka kutoka moja kwenda nyingine alilazimika kujilipia.

Bima kupitia ushirika

Wakulima wamejaribu njia ya kati. Mwaka 2011 mpango wa bima ulianzishwa kwa wanachama wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoandikishwa mwaka 1933. Baadaye NHIF ilianzisha Ushirika Afya kwa wanachama wa vyama vya ushirika. Faida ya njia hii ni kwamba watu huingia kwa kundi, na mchango huweza kulipwa wakati wa mauzo ya mazao, mkulima anapokuwa na fedha.

Mambo ya kulinganisha

Kabla ya kuchagua, familia huangalia:
- wanufaika wangapi wanaingia katika kadi moja;
- kadi inafika hospitali ya ngazi gani;
- muda wa kusubiri kabla ya kuanza kutibiwa;
- magonjwa na dawa zisizolipiwa;
- kinachotokea ajira ikikoma.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, ili wazima na wagonjwa wachangie pamoja hata nje ya ajira rasmi.