Kilometa 700, Safari ya Siku Nzima

Chukua karte ya Asia, hata ile ndogo ya masomo inatosha. Tafuta Shanghai, muji mukubwa wa China kando ya bahari. Kisha shuka upande wa kusini, vuka maji, utakuta Taipei, muji mukubwa wa kisiwa cha Taiwan. Pima na lati: karibu km 700 tu. Kutoka Lubumbashi kwenda Mbuji-Mayi kwa mustari ulionyooka ni mbali zaidi kidogo.

Sasa fanya hesabu. Ndeke kubwa inakwenda karibu km 850 kwa saa moja. Ongeza dakika za kupanda na za kushuka, utapata kama saa moja na nusu. Lakini kwa miaka mingi mutu aliyetoka Taipei asubuhi alifika Shanghai jioni. Ndeke zilikuwa zinakwenda polepole? Hapana.

Njo hivi. Mwaka 1949, vita ya ndani ya China ilipokwisha, Mao Zedong alishika utawala kule Beijing. Chiang Kai-shek na serikali yake walikimbilia Taiwan, pamoja na watu zaidi ya milioni moja, wengi waaskari. Njia zote zikafungwa: ndeke, mashua, hata barua. Kijana aliyeacha bibi na watoto kwao, akifikiri atarudi kiisha miezi michache, alikaa ngambo karibu miaka 40.

Mwezi wa 11 mwaka 1987 Taiwan iliruhusu watu waende kuona jamaa zao. Ruhusa ilikuja, lakini njia ya juu ilibaki imefungwa. Kwa hiyo wazee wenye mvi, na masanduku yao ya zawadi, walipaswa kwenda kwanza Hong Kong, iliyokuwa bado chini ya Waingereza. Hiyo ni km 800. Kule wanashuka, wanangojea, wanapanda ndeke ingine, halafu km 1.200 na zaidi kurudi kaskazini. Jumla km 2.000 kwa kufika mahali pa km 700! Na wengine, kiisha kuzunguka kote kule, walikuta wazazi wamekwisha kuzikwa.

Njia ilifunguka kidogo kidogo. Mwaka 2003, kwa sikukuu ya mwaka mupya ya Wachina, ndeke chache za Taiwan zilifika Shanghai, lakini zilipaswa kutua Hong Kong kwanza. Mwaka 2005 hazikutua tena, ila zilipita bado juu ya Hong Kong, sawa mutu anayezunguka mutaa muzima kwa kuingia nyumba ya jirani. Tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 2008 ndeke za kila mwisho wa juma zilianza, na muzunguko ule ule. Mwishowe, tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka ule, mustari wenyewe ulifunguliwa, na ndeke zikawa za kila siku. Safari ya Taipei–Shanghai ikapunguka kama saa moja.

Tangu mwezi wa 6 mwaka 2010 ndeke zinatoka hata Songshan, kiwanja kilicho ndani ya muji wa Taipei, na kutua Hongqiao, kiwanja cha zamani cha Shanghai. Hakuna haja ya kugeuza saa ya mukono, miji ile miwili iko na saa moja. Mutu anakunywa chai ya asubuhi kwake Taipei, na muchana anakaa mezani kwa ndugu yake Shanghai.